Breki za gari linalovutwa nyuma ya gari-nyumba: maana yake na kwa nini zinahitajika

Kuzunguka mjini na gari-nyumba kubwa ukitafuta maegesho ni kazi nzito. Ndiyo maana wasafiri wengi wa Marekani, Kanada na Uingereza hufunga gari dogo nyuma kwa fremu ya chuma, wakalivuta likiwa linabiringika kwa magurudumu yake yote manne. Wakifika, gari-nyumba linaegeshwa na gari dogo linashika mizunguko ya kila siku. Lakini huko njiani gari dogo halina dereva na injini yake imezimwa. Nani analikanyagia breki?

Hapo ndipo inapoingia breki ya ziada: kifaa kinachofanya breki za gari la nyuma zishike kila dereva wa mbele anapokanyaga za kwake. Kisipokuwepo, breki za gari-nyumba zinalazimika kusimamisha magari mawili.

Chukua gari-nyumba la kilo 7,000 linaloweza kusimama ndani ya mita 50. Lifunge gari la kilo 1,500 lisiloshika breki, na nguvu ya kusimamisha ibaki ileile: sasa linahitaji kama mita 60. Kwa gari-nyumba jepesi la kilo 3,500 hali ni mbaya zaidi, maana mita 50 zinakuwa zaidi ya 70. Mita hizo za nyongeza ndizo anakokuwa mtoto aliyekatiza barabara, au gari lililosimama ghafla. Tena ukizidisha mwendo mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza inapanda mara nne, na kwenye mteremko mrefu nishati hiyo yote inageuka joto kwenye diski za gari-nyumba. Kwenye kona kuna hatari nyingine: gari la nyuma linasukuma mkia wa gari-nyumba upande, hasa barabara ikiwa na maji.

Sheria zenyewe hazifanani. Marekani kila jimbo lina yake. Kikomo cha kawaida ni pauni 3,000, yaani kama kilo 1,360. Kinachovutwa kikizidi hapo lazima kiwe na breki zake. Yapo majimbo yanayoshuka hadi pauni 1,500, na machache yanaruhusu uzito mkubwa zaidi. Nyingi ya sheria hizo ziliandikwa kwa ajili ya matrela, kwa hiyo watu hubishana kama gari dogo lililofungwa nyuma ni trela au si trela. Ubishi huo haumsaidii mtu akiwa barabarani. Jimbo la British Columbia nchini Kanada limeligusa jambo hili moja kwa moja: gari linalovutwa na gari-nyumba linasamehewa breki likiwa chini ya kilo 2,000 na pia chini ya asilimia 40 ya uzito ulioidhinishwa wa gari-nyumba. Uingereza gari lililofungwa kwa fremu linahesabiwa kuwa trela, na trela lisilo na breki halipaswi kuzidi kilo 750 wala nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Magari ya kawaida karibu yote yanazidi kilo 750, kwa hiyo huko breki hazikwepeki.

Mbali na sheria, fungua kitabu cha gari-nyumba lenyewe. Mtengenezaji wa chasi hutaja uzito wa juu wa kuvuta bila breki, na mara nyingi ni mdogo kuliko unaoruhusiwa na jimbo. Mimi ningefuata ulio mdogo kati ya hiyo miwili, bila mjadala.

Vifaa viko vya aina kadhaa. Kuna kisanduku kinachokaa mbele ya kiti cha dereva wa gari dogo na kusukuma pedali kwa mkono wa chuma; kinahisi mwendo unapopungua, kisha kinakanyaga kwa kiasi kinacholingana. Kuna vinavyofungwa moja kwa moja ndani ya gari, vingine vikitumia hewa ya breki za gari-nyumba kubwa. Na kuna fremu ambazo gari la nyuma likisukuma mbele, msukumo huo wenyewe unavuta kebo ya breki.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni habari ya busta, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye breki. Pedali ya breki ni laini kwa sababu busta inakusaidia kwa ombwe linalotoka kwenye injini inayowaka. Injini ikizimwa, ukikanyaga mara moja au mbili akiba inaisha na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo kifaa lazima kisukume kwa nguvu nyingi, au kiwe na pampu yake ya ombwe. Kinyume chake, baadhi ya magari ya haibridi breki zake husaidiwa na umeme hata gari likiwa limezimwa. Kifaa kilichopangwa kusukuma pedali ngumu kitayafunga magurudumu kabisa. Muulize fundi kama kifaa unachokitaka kina mpangilio wa gari lako hasa.

Sehemu ya pili ya breki hii ya ziada ni swichi ya kukatika. Ni pini iliyofungwa kwa waya: magari yakiachana, waya unaichomoa na breki za gari dogo zinashika zenyewe. Waya huo ufungwe kwenye mwili wa gari-nyumba, usifungwe kwenye fremu ya kuvutia, kwa sababu fremu yenyewe ikichomoka itaondoka na waya wake na pini itabaki mahali pake.

Hatari inayobaki ni breki kushika bila kuachia. Injini ya gari-nyumba ina nguvu, dereva hahisi kitu, na nyuma diski zinaungua hadi kuharibu tairi. Ndiyo sababu kifaa kizuri kina taa kwenye dashibodi ya mbele inayoonyesha kila breki za nyuma zinaposhika. Ikiwaka wakati hujakanyaga, tafuta mahali salama usimame.

Kabla ya kuondoka, na gari dogo likiwa kwenye gia huru (nyutro), chomoa pini kwa mkono kisha jaribu kulisukuma. Likisogea, breki hazijashika; anza kwa kukagua betri: mifumo mingi ya aina hii inategemea umeme, na betri iliyokwisha haiwezi kukanyaga breki.