Ofisi ya bure kwenye kompyuta: yanayosemwa Mombasa na yaliyo kweli

Ingia saiba yoyote ya Mwembe Tayari au Tononoka uulize kama wana LibreOffice, programu ya bure ya kuandika barua na kupiga hesabu. Kuna uwezekano mkubwa utaambiwa hiyo ya bure haifai kwa kazi za watu, kisha utawekewa Microsoft Office ya kraki, yaani nakala iliyovunjwa kufuli la leseni, kwa pesa kidogo tu. Mimi naona hapo ndipo mambo yanapoharibika. Watu hubishana kana kwamba anayechagua ana programu ya kulipia mkono mmoja na ya bure mkono wa pili, ilhali wengi wanaobishana hawajawahi kununua leseni hata siku moja. Kilichoko mezani ni nakala ya wizi na nakala halali. Ukiyapima maneno ya mtaani kwa mizani hiyo, mengi yanaanguka.

"Rahisi huvunja upishi"

Methali hiyo ina haki yake pale bei inaposhuka kwa sababu kitu kimepunguzwa. LibreOffice ina historia nyingine. Mizizi yake ni StarOffice, programu iliyoanzishwa Ujerumani katika miaka ya 1980 na kijana aitwaye Marco Börries, ikauzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua, na mwaka uliofuata ikaufungua msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Kampuni ya Oracle ilipoichukua Sun mwaka 2010, waandishi wengi wa programu hiyo waliingiwa na wasiwasi juu ya hatima yake. Septemba mwaka huohuo wakaunda The Document Foundation, na Januari 2011 LibreOffice ya kwanza ikatoka.

Leo msimamizi wake ni wakfu uliosajiliwa Berlin. Pesa zinatokana na michango, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wahandisi walioajiriwa na kampuni zinazouza huduma na msaada kwa mashirika makubwa. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi sita. Jimbo la Schleswig-Holstein kule Ujerumani lilitangaza mwaka 2024 kwamba linahamishia LibreOffice kompyuta 30,000 za serikali yake. Serikali haifanyi hivyo kwa programu ya kuchezea.

Leseni nayo haina mtego. Unaweza kuiweka kwenye mashine moja ya nyumbani Likoni au mashine zote za duka lako Biashara Street, ukafanyia biashara, ukamnakilia jirani kwa flashi, na hakuna sheria uliyovunja.

"Nakala ya kraki haidhuru mtu, kila mtu anayo"

Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, na nitakaa hapa kidogo.

Ili kraki ifanye kazi, kwa kawaida huendeshwa programu ndogo ya kuidanganya Microsoft Office iamini imelipiwa. Karibu kila mara maelekezo yake huanza na sharti moja: zima kinga ya virusi kwanza. Fikiria unachokubali hapo. Programu isiyojulikana imetoka wapi inapewa ruhusa ya juu kabisa kwenye kompyuta, na mlinzi ameambiwa aondoke mlangoni. Wahalifu wa mtandao wanalijua hilo vizuri, na programu za namna hii zimekuwa njia yao ya miaka mingi ya kupenyeza virusi vya kuiba nywila au kufunga faili za mtu mpaka alipe.

Sasa angalia kilichomo ndani ya kompyuta za saiba zetu. Nakala za vitambulisho, PIN za KRA, vyeti vya kuzaliwa, fomu za eCitizen, barua pepe ambazo mteja amesahau kutoka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Mwenye saiba aliyejaza kraki amejiweka pabaya pande zote mbili, na mama aliyekuja kuchapisha cheti cha mwanawe hajui lolote kuhusu hatari aliyowekewa.

Tena nakala hizo mara nyingi ni kuukuu. Office 2010 iliacha kupokea marekebisho ya usalama Oktoba 2020, na Office 2016 na 2019 zikafuata Oktoba 2025. LibreOffice ya karibuni unaipata bila kumwomba mtu, mradi uipakue libreoffice.org kwenyewe na si kwenye tovuti za kubahatisha.

"Faili ya Word ikifunguliwa huko inavurugika"

Lalamiko hili lina ukweli ndani yake, na anayelikana kabisa hamsaidii mtu. Lakini chanzo cha vurugu kinajulikana, na mara nyingi ni fonti, yaani sura ya herufi.

Tangu mwaka 2007 Word ilikuwa ikianza na fonti ya Calibri, ambayo LibreOffice hairuhusiwi kuigawa. Badala yake inakuja na Carlito, ambayo herufi zake zimepimwa upana uleule wa Calibri ili mstari ukatike palepale. Caladea inashika nafasi ya Cambria, na Liberation inazishikia Arial, Times New Roman na Courier New. Barua iliyoandikwa kwa fonti hizo kwa kawaida hubaki na kurasa zilezile. Mambo yalibadilika Microsoft ilipoanza kuifanya Aptos kuwa fonti ya mwanzo mwaka 2023. Mashine isiyo na Aptos inatafuta fonti nyingine, upana unatofautiana, mistari inahama, na wasifu wa ukurasa mmoja unamwagikia wa pili. Tiba ni kuandika kwa fonti zilizozoeleka, au kuipachika fonti ndani ya faili: kwenye LibreOffice nenda File, kisha Properties, kisha Font.

Chanzo cha pili ni sisi wenyewe tunavyochapa. Mtu anataka tarehe ikae kulia, basi anabonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini. Anataka ukurasa mpya, anabonyeza Enter mpaka aufikie. Barua kama hiyo itavurugika hata ikitoka Word moja kwenda Word nyingine yenye printa tofauti. Tumia vitufe vya kupanga maandishi kulia au katikati, tumia Tab, na Ctrl pamoja na Enter kwa ukurasa mpya. Faili itasafiri salama.

Kama mpokeaji anatakiwa kusoma tu, mpe PDF. LibreOffice inaitengeneza yenyewe kwa kubonyeza kitufe kimoja. Na kama ofisi unazofanya nazo kazi zinataka docx, aina ya faili ya Word, ingia Tools, Options, Load/Save, General, uchague Word ndiyo iwe aina ya kawaida ya kuhifadhi. Ni dakika moja ya kazi, na malalamiko mengi ya "nimetuma haifunguki" yanaishia hapo.

"Niliwahi kujaribu OpenOffice, ni ileile"

Si ileile tena. Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa wakfu wa programu huria wa Apache mwaka 2011, na toleo lake kubwa la mwisho, 4.1, lilitoka mwaka 2014. Tangu hapo ni marekebisho madogomadogo. OpenOffice hufungua docx lakini haiwezi kuihifadhi kama docx, jambo ambalo LibreOffice inalifanya bila shida. Anayewahukumu ndugu hawa wawili kwa kumjua mmoja anamwonea mwingine.

"Lazima uwe na intaneti"

Hapana. Ukishaisakinisha inafanya kazi bila bando, haiombi akaunti wala kuingia kwa nywila.

"Haijui lugha zetu"

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili imo hata leo kwenye LibreOffice, ila wengi hawaioni kwa sababu wakati wa kusakinisha wanabonyeza Next tu mpaka mwisho. Chagua Custom, ufungue orodha ya kamusi, uitie alama ya Kiswahili, halafu uiweke kuwa lugha ya waraka. Ina mapungufu: maneno ya minyambuliko mirefu huyawekea mstari mwekundu bila kosa. Lakini ni bora mara mia kuliko ukurasa mzima mwekundu kwa kuwa kompyuta inadhani unaandika Kiingereza kibovu.

Walimu wa madrasa wasipitwe na hili pia. Kwenye Options, sehemu ya lugha, kuna mahali pa kuruhusu maandishi changamano. Ukiiwasha, Kiarabu kinatoka kulia kwenda kushoto kama inavyostahili, na unaweza kuwa na aya ya Kiarabu na tafsiri yake ya Kiswahili chini yake katika waraka mmoja.

"Kwa hesabu nzito haiwezi"

Calc, sehemu ya majedwali ya LibreOffice, ina mistari 1,048,576 kama Excel, na tangu toleo la 7.4 la mwaka 2022 ina safu 16,384 kama Excel. SUM, IF na VLOOKUP zinaandikwa vilevile. Duka, nyumba ya wageni Mji wa Kale, chama cha akina mama, hata shule nzima, hawatafika mwisho wake.

Penye udhaifu ni makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili ijifanyie kazi yenyewe. Faili ya Excel iliyojengwa kwa makro za VBA, lugha ya makro ya Microsoft, inaweza kufunguka ikakataa kufanya kazi yake, au ikafanya nusu. Mfano tunaoufahamu sote ni fomu za marejesho ya kodi za iTax, ambazo KRA imekuwa ikizitoa kwa Excel na pia kwa ODS, aina ya faili ya jedwali ya LibreOffice. Mwenye LibreOffice achukue ya ODS, aende Options, Security, Macro Security, aweke kiwango cha kati ili aulizwe kabla makro haijaanza, na akubali kwa faili anayojua ilikotoka peke yake. Lakini wakala wa forodha anayepokea kila siku majedwali ya makro kutoka kwa wateja wake, au ofisi ambayo watu watano wanahariri jedwali moja kwa wakati mmoja, sitawaambia wajilazimishe. Wanunue leseni halali ya Microsoft kwa mashine inayoihitaji, na mashine zilizobaki, zile za kuandika barua na ankara, waziwekee LibreOffice.

"Ukiiweka hii, lazima uiondoe ile"

Zinakaa pamoja kwenye kompyuta moja bila kugombana. Katika kusakinisha utaulizwa kama LibreOffice ndiyo ifungue faili za Word, Excel na PowerPoint. Usipotia alama, mazoea yako yanabaki kama yalivyo na LibreOffice inakusubiri. Kwa waliozoea sura ya Word, nenda View, User Interface, uchague Tabbed, menyu zitapangika juu kwa vichupo. Angalia tu Windows yako kwanza: kuanzia toleo la 25.8, lililotoka Agosti 2025, inahitajika Windows 10 au 11. Kisha fungua faili zako mwenyewe tano sita, zile ngumu hasa, uzichapishe na uzilinganishe na za mwanzo.