Ile nusu saa ya mwisho kwenye mashine

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dayalisisi, ambako mashine husafisha damu na kutoa maji ya ziada kwa watu ambao figo zao zimeshindwa. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kitengoni ni hili: "Sista, bado dakika ngapi?" Masaa matatu yakishatimia ndipo linaanza kuzunguka kiti hadi kiti. Mama wa Kigamboni anawahi pantoni, kijana ameomba ruhusa ya nusu siku kazini, mzee wa kitanda cha dirishani mgongo umemchoka. Wote wanajua daktari ameandika masaa manne. Lakini ile nusu saa ya mwisho wanaiona kama nyongeza ya sokoni: ukipewa sawa, usipopewa pia sawa.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nakubali. Namwonea mtu huruma, namtoa mapema, ananishukuru, anaondoka. Leo nataka kueleza kwa nini siku hizi nakaa pembeni ya kiti nikimbembeleza mtu abaki.

Mwaka 1996 ulianza Marekani utafiti mkubwa wa wagonjwa wa dayalisisi unaojulikana kwa kifupi cha DOPPS, ukiratibiwa kutoka Ann Arbor, Michigan. Waanzilishi wake walisumbuliwa na jambo moja: figo zikishindwa zimeshindwa, iwe Tokyo au Chicago, na mashine zinafanana. Mbona basi wagonjwa wa nchi moja wanaishi miaka mingi kuliko wa nchi nyingine? Wakachagua vituo, wakafuatilia wagonjwa halisi na jinsi wanavyohudumiwa kila siku. Zikaingia Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania, Uingereza na Japani. Baadaye zikafuata Australia, Kanada, Sweden na nyingine, na kuanzia miaka ya 2010 China, Urusi, Uturuki na nchi za Ghuba, Oman ikiwemo.

Takwimu za awamu ya kwanza, zilizochapishwa 2003, bado zinanishtua. Katika kila wagonjwa 100, ndani ya mwaka mmoja walifariki 6.6 Japani, 15.6 Ulaya na 21.7 Marekani. Watafiti walipiga hesabu upya wakizingatia umri, kisukari, moyo na maradhi mengine. Pengo lilipungua, halikuisha. Si lote la kutupia kwenye mashine, maana Wajapani kwa ujumla hufa kwa moyo kwa uchache kuliko Wamarekani hata nje ya dayalisisi. Ila namna ya kufanya kazi nayo ilitofautiana sana. Marekani walikuwa wakivuta damu kwa kasi, mililita 400 kwa dakika au zaidi, na kumaliza mapema. Japani, kasi ni kama 200, na mgonjwa anakaa masaa yake manne.

Sasa nije kwenye dakika zenyewe. Uchambuzi wa DOPPS wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kila nusu saa iliyoongezeka kwenye kikao iliendana na vifo kupungua kwa takriban asilimia 7. Na pale maji yalipotolewa kwa kasi iliyozidi mililita 10 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, vifo viliongezeka.

Tuifanye hiyo hesabu kwa mtu. Ana uzito mkavu, yaani uzito wake bila maji ya ziada, wa kilo 60 na amekuja akiwa na 63, yaani kuna lita tatu za kutoa. Kwa masaa manne, kasi ni 12.5, tayari imeshavuka ile 10. Kwa masaa matatu na nusu inafika 14.3. Kwa matano inashuka hadi 10 kamili. Na akitaka nimtoe nusu saa kabla, anaondoka na mililita 375 ambazo zilikuwa zitoke, zaidi ya chupa moja ya soda. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki, ni lita moja na ushee inayobaki kifuani na miguuni.

Kwa nini kasi inaumiza? Mashine inachota maji kwenye damu peke yake, na damu yote ya mtu mzima ni lita kama tano. Maji mengi ya ziada yako nje ya mishipa, kwenye miguu iliyovimba, kwenye mapafu. Yanahitaji muda kurudi taratibu ndani ya damu. Ukichota kisima haraka kuliko chemchemi inavyojaza, kinakauka ilhali maji yapo ardhini. Mimi huwa naliona kabla mashine haijalia: mtu anapiga miayo. Miayo miwili, mitatu, halafu jasho jembamba juu ya mdomo, halafu misuli ya vigimbi inakaza hadi anapiga kelele. Presha imeshashuka. Wataalamu waliopima moyo kwa altrasaundi mgonjwa akiwa kwenye mashine wameona sehemu za misuli ya moyo zikizubaa kwa muda kwa kukosa damu ya kutosha. Hilo likijirudia kila kikao, moyo unachoka kweli.

Lazima niwe mkweli kuhusu upande wa pili. DOPPS ni utafiti wa kutazama, si wa majaribio. Mtu aliye hoi huenda ndiye anayetolewa mapema, kisha akifa tunasema ni dakika zilizomuua. Ndiyo maana katika chambuzi zao nyingi walilinganisha kituo na kituo badala ya mgonjwa na mgonjwa, kwa kuwa kituo huwa na mazoea yake kwa watu wote. Marekani walifanya pia jaribio, liitwalo TiME: vituo 266 viligawanywa kwa kura katika makundi mawili, moja likilenga masaa manne na robo, jingine likiendelea kama kawaida. Lilisitishwa kabla ya muda. Tofauti ya wastani kati ya makundi mawili ilikuwa dakika 216 kwa 207. Dakika tisa tu! Haikuonekana tofauti ya vifo, na mimi sioni ingewezaje kuonekana. Nilichojifunza hapo ni jinsi ilivyo vigumu kumweka mtu kitini.

Kuhusu njia ya damu kutoka mwilini kwenda kwenye mashine nitasema kidogo. DOPPS ilionyesha kwamba karibu 2000 Ulaya asilimia 80 ya wagonjwa walitumia fistula ya mkononi, yaani mishipa miwili ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji, Marekani 24 tu, na mpira unaoingizwa kwenye mshipa wa shingoni uliendana na maambukizi na vifo zaidi. Huku kwetu kina mama wengi wakisikia "fistula" wanaogopa, wanadhani ni ile ya uzazi. Namchukua mwenye hofu, namwekea vidole juu ya mkono wa mwenzake ambaye tayari anayo, ausikie ule mtetemo kama paka anayekoroma. Baada ya hapo mazungumzo yanakuwa mepesi.

Nchi zetu hazimo kwenye DOPPS, na wengi hapa wanakuja mara mbili kwa wiki badala ya tatu kwa sababu ya pesa. Mtu wa namna hiyo anabeba maji ya siku tatu au nne, kwa hiyo dakika zake zina thamani kuliko za Mjapani. Simlaumu. Namuuliza anakula nini. Mara nyingi ni ng'onda, achari, kachumbari iliyokolezwa chumvi, kisha kiu, kisha maji. Chumvi ikipungua, kilo zinazoongezeka zinapungua, na kasi yangu inashuka bila kuongeza hata shilingi.

Siku hizi kwenye kadi ya kila mtu naandika, pembeni ya uzito, ile namba ya kasi kwa kilo. Wiki iliyopita mama wa Kigamboni aliisoma mwenyewe: 13. Akaniuliza nikimwongezea nusu saa itakuwa ngapi. Nikamwambia 11 na ushee. Akatoa simu akampigia mwanawe: "Pantoni ya saa kumi iniache, nakuja na ya baadaye."