Je, wajua kwa nini asiye na dini hubanwa kuliko mwenye dini nyingine katika nchi nyingi za Waislamu?

Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad wa karne ya 10, anasimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 830 Khalifa al-Maamun alipita karibu na mji wa Harran akielekea vitani dhidi ya Warumi wa Byzantium. Miongoni mwa watu waliotoka kumlaki aliwaona wenye nywele ndefu na mavazi ya kubana, akawauliza kama ni Wakristo. Wakajibu la. Mayahudi? La. Majusi? La. Alipowauliza kama wana kitabu au mtume, wakababaika. Khalifa akawapa muda mpaka atakaporudi: ama wasilimu, ama waingie katika mojawapo ya dini zilizotajwa katika Qurani, ama wauawe. Wengine walisilimu, wengine wakaingia Ukristo. Waliobaki walimlipa mwanasheria, naye akawashauri waseme kuwa wao ni Wasabai, kwa sababu jina hilo limo katika Qurani na ni wachache waliojua hasa linamhusu nani. Al-Maamun alifariki mwaka 833 bila kurudi Harran, lakini jina likabaki, na baadaye Msabai mmoja wa mji huo, Thabit ibn Qurra, akawa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa Baghdad.

Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka simulizi hii, na huenda wana haki, kwa kuwa imetengenezeka mno. Hata hivyo inaonyesha kiini cha jambo kuliko fatwa nyingi: Khalifa hakuuliza watu wale wanaamini nini mioyoni mwao, bali aliuliza wao ni kundi gani.

Sheria ya Kiislamu ya kale ilikuwa na mkataba uliojulikana kama dhimma. Mayahudi, Wakristo, na baadaye Majusi, walilipa kodi ya jizya na kukubali hadhi ya chini kisheria. Kwa upande wao walilindwa mali na nafsi zao, wakabaki na mahakama zao, ndoa zao na mirathi yao. Waislamu walipoingia Sindh mwanzoni mwa karne ya 8, Wahindu na Wabudha nao walipewa mkataba wa namna hiyo, ingawa hawakuwa na kitabu kilichotajwa popote. Dola ya Uthmania iliuendeleza utaratibu huu kwa karne nyingi, kila jamii ikiwa na kiongozi wake wa dini aliyewajibika mbele ya Sultani. Kwa vipimo vya zama zile ulikuwa uvumilivu wa kweli, na Mayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 waliuona walipopokewa Istanbul na Thesalonike. Lakini ulikuwa uvumilivu kwa jamii yenye kichwa na mlango wa kubishwa hodi. Mtu aliyesimama peke yake, asiye na kasisi wala rabi wa kumsemea, hakuwa na mahali katika mpango huo.

Aliyeritadi, yaani Mwislamu aliyeiacha dini yake, alikuwa na tatizo jingine juu ya hilo. Aya ya 256 ya Suratul Baqara inasema hapana kulazimishana katika dini, lakini wanasheria wengi wa kale waliichukulia ridda, yaani kuuacha Uislamu, kuwa kama kutoroka jeshi, si kubadili mawazo tu. Ushahidi mzuri umo katika madhehebu ya Hanafi, ambayo ilimwepusha mwanamke aliyeritadi na adhabu ya kifo na kuamuru afungwe, kwa hoja kwamba yeye hapigani vita. Aliyetilia shaka bila kujitenga na jamii aliweza kuishi: mshairi kipofu wa Syria, al-Maarri, aliyezikejeli dini zote katika beti zake, alifariki mwaka 1057 akiwa mzee, kwa maradhi ya kawaida.

Dola za kisasa zilifuta jizya, lakini nyingi zilibakisha sajili. Pale ambapo ndoa, talaka na mirathi huamuliwa kwa sheria ya dini, serikali lazima ijue kila raia ni wa dini gani, na fomu huwa na visanduku vichache. Lebanon inatambua madhehebu 18. Katiba ya Iran inawatambua Wazoroasta (yaani Majusi), Mayahudi na Wakristo, na kuwatengea viti bungeni, huku Wabahai, wafuasi wa dini iliyozaliwa Iran katika karne ya 19, wakiachwa nje kabisa. Nchini Indonesia, viongozi wa Kihindu wa Bali walipotaka kutambuliwa na wizara ya dini katika miaka ya 1950, walisisitiza kwamba wanamwabudu Mungu mmoja na wana maandiko matakatifu. Ni njia ileile ya watu wa Harran, miaka elfu moja na zaidi baadaye. Wafuasi wa imani za jadi za nchi hiyo walisubiri hadi mwaka 2017 Mahakama ya Katiba iliporuhusu imani yao iandikwe katika kitambulisho.

Haya hayatoki katika idadi ya Waislamu peke yake. Senegal, ambayo zaidi ya watu 9 kati ya 10 ni Waislamu, ina katiba isiyo na dini ya dola, na rais wake wa kwanza, Léopold Sédar Senghor, aliyetawala kuanzia 1960 hadi 1980, alikuwa Mkatoliki.

Kisa cha Misri ndicho kinachoonyesha vizuri kazi ya kisanduku. Vitambulisho vilipokuwa vikiandikwa kwa mkono, karani mwenye huruma aliweza kumwachia Mbahai nafasi ya dini wazi, au kuchora kistari. Kompyuta ilipokuja ilikubali Uislamu, Ukristo na Uyahudi tu, na Mbahai aliyekataa kusema uongo alibaki bila kitambulisho, hivyo bila akaunti ya benki wala nafasi ya chuo. Baada ya miaka ya kesi, mahakama iliamua mwaka 2009 kwamba kistari kirudi. Mmisri aliyezaliwa na baba Mwislamu kisha akaacha kuamini hakuhusika na hukumu hiyo. Kompyuta hiyohiyo inaendelea kumwandika Mwislamu.