Tatuu mpya: kabla ya sindano na wiki sita za mwanzo

Tatuu nyingi zinazorudi mezani kwangu zikiwa na madoa au mistari iliyokatika hazikupuuzwa na wenyewe. Zilipendwa kupita kiasi: mafuta mengi, plastiki iliyokaa siku nzima, vidole visivyotulia. Ndiyo maana nikimweleza mteja namna ya kuitunza, muda mwingi namwambia aache nini.

Anza na kujua kinachofanyika. Tabaka la juu la ngozi hujibandua na kujijenga upya kila baada ya wiki chache. La chini yake halibanduki. Wino unatakiwa kutua kwenye hilo la chini, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi, kutegemea sehemu ya mwili. Sindano ikiishia juu mno, rangi huondoka na ngozi inayobanduka. Ikizama mno, wino hutawanyika na mstari unazungukwa na kivuli cha samawati ambacho hakuna krimu itakayokiondoa. Wino ukishatua, chembe za kinga huumeza, hushindwa kuusaga, na kubaki nao palepale. Zikifa, nyingine huuokota. Hapo ndipo udumavu wa tatuu ulipo. Lakini ngozi imetobolewa mara maelfu, kwa hiyo unaporudi nyumbani unarudi na kidonda kipana chenye kina kifupi.

Maandalizi yaanze wiki mbili kabla. Ngozi iliyoungua na jua, yenye ukurutu uliochachamaa au vipele vya kunyoa haichorwi, kwa sababu huvuja damu zaidi na haishiki rangi sawasawa. Paka losheni yako ya kawaida kila siku, kisha siku yenyewe njoo na ngozi safi isiyo na kitu, maana stensili, yaani karatasi inayonakili mchoro kwenye ngozi, haikamati kwenye mafuta. Usijinyoe. Wembe wa haraka bafuni huacha mikwaruzo, na mchoraji atanyoa hata hivyo, kwa wembe mpya.

Mambo mengine ni ya daktari kabla hayajawa ya mchoraji. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa ajili ya tatuu. Amuulize aliyemwandikia, na jibu likiwa hapana, tatuu isubiri. Aliyetumia vidonge vya isotretinoini kwa chunusi kwa kawaida hushauriwa kusubiri miezi 6 baada ya kumaliza dozi, kwa kuwa uponaji wa ngozi hubadilika. Kisukari kisichodhibitiwa, kinga iliyoshuka na ujauzito ni sababu tosha za kuahirisha. Na kama kovu lako la kutoboa sikio au la upasuaji liliota nyama na kuvuka mipaka ya jeraha, lionyeshe kabla hatujafika kwenye mchoro. Kifua, mabega na mgongo wa juu ndizo sehemu ambazo makovu ya aina hiyo hupenda kuota, na kipande kidogo cha majaribio hakikuhakikishii kwamba kikubwa kitapona salama.

Kuhusu mchoro wenyewe nina neno moja kwa wenye ngozi nyeusi, kwa sababu wengi hupotoshwa. Wino unakaa chini ya melanini, ile rangi asilia ya ngozi, kwa hiyo rangi yoyote utaiona kupitia rangi ya ngozi yako, kama unavyotazama kupitia kioo cha rangi. Nyeupe na njano hufifia sana. Nyeusi hukaa vizuri, na nyekundu iliyokolea huonekana. Acha nafasi kati ya mistari, na usikubali maandishi madogo yaliyobanana. Yupo mchoraji atakayekwambia kwamba ngozi nyeusi inataka mkono mzito ili rangi itokeze. Huyo mkimbie. Mkono mzito hauongezi rangi, unaongeza kovu.

Siku moja kabla, acha pombe kwa saa 24, maana huchangia damu kuvuja zaidi, na damu hiyo husukuma wino nje na kumziba mchoraji macho. Aspirini ya kujitibia kichwa nayo iepuke. Athari yake kwenye chembe za kugandisha damu hudumu siku kadhaa. Lala vya kutosha. Saa moja au mbili kabla ya miadi kula mlo kamili. Wanaozimia kwenye kiti ni wengi kuliko unavyodhani, mara nyingi mwanzoni kabisa, na mara nyingi ni wale waliokuja na njaa. Beba kinywaji chenye sukari kwa kikao kirefu, na vaa nguo pana usiyoionea uchungu ikiingia wino.

Krimu ya ganzi nayo ni dawa. Lidokaini, dawa ya ganzi iliyomo kwenye nyingi ya krimu hizo, ikipakwa eneo kubwa na kufunikwa kwa plastiki kwa saa nyingi inaweza kuingia kwenye damu kwa kiwango cha kudhuru moyo na ubongo. Pia baadhi ya krimu hubadilisha ngozi, ikawa kama mpira chini ya sindano. Mwambie mchoraji mapema. Usipake kimyakimya ukamshtua mezani.

Ukifika, tumia macho. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, na tarehe ya mwisho isomeke. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vya kutupwa, na kinachobaki kisirudishwe kwenye chupa. Glavu zilizoshika simu zibadilishwe kabla hazijagusa ngozi. Uliza pia maji ya kuzimulia wino yanatoka wapi, kwa sababu hapo wengi hulegeza kamba. Mwishoni mwa mwaka 2011 huko Rochester, New York, watu 19 walipata maambukizi ya bakteria aina ya Mycobacterium chelonae kutoka kwenye wino wa kijivu uliokwisha kuzimuliwa na mtengenezaji. Jibu unalolitaka ni maji tasa, yaani yasiyo na kijidudu chochote, ya kwenye vifungashio vidogo. Ya bomba hata yakichemshwa hayafai.

Stensili ikibandikwa, simama wima ulivyozoea, mikono imelegea, ndipo ujitazame kwenye kioo. Mstari ulionyooka ukiwa umekunja mkono hupinda ukiunyoosha. Ikikaa vibaya, ifutwe na kubandikwa upya, hata mara tatu. Mchoraji anayenuna kwa hilo atanuna na kwa mengine.

Sasa nyumbani. Ukifunikwa kwa utando mwembamba unaonata, ule wa kitabibu unaopitisha hewa, uache saa 24 au kama ulivyoelekezwa. Chini yake utaona dimbwi jeusi la majimaji ya kidonda, damu kidogo na wino uliozidi. Ni kawaida, tatuu yako haijayeyuka. Utando wa pili unaweza kukaa siku 3 hadi 5. Lakini majimaji yakivuja pembeni umetoboka, na njia ya kutokea ni njia ya bakteria kuingilia: utoe siku hiyohiyo, chini ya maji ya vuguvugu, ukiuvuta sambamba na ngozi badala ya kuunyanyua. Kuwashwa kwa mpaka unaofuata umbo la utando ni mzio wa gundi, nao hautaki utando mwingine. Plastiki ya jikoni ni habari tofauti. Haipitishi hewa, kazi yake ni kukufikisha nyumbani, na saa 2 au 3 zinatosha.

Osha mikono kwanza. Kisha osha tatuu kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kwa vidole tu, hadi ule utelezi wa majimaji uishe. Ukiuacha utakauka na kuwa gaga nene. Kausha kwa kugandamiza karatasi laini ya kutupwa. Taulo la bafuni lina vijidudu, na nyuzi zake hunasa. Subiri dakika 10, ngozi ikauke yenyewe, ndipo upake losheni isiyo na manukato: kiasi cha punje ya njegere kwa tatuu ya ukubwa wa kiganja. Ikiwa bado inang'aa dakika tano baadaye, umezidisha. Igandamize karatasi ipunguze. Rudia mara 2 au 3 kwa siku, usizidishe.

Mafuta mengi huharibu hivi: gaga linalowa, linavimba na kulainika, linanata kwenye nguo au shuka, na likivutwa linang'oka kabla ya wakati pamoja na wino. Doa lililobaki wazi wiki ya tatu mara nyingi lilianza hivyo. Kwa sababu hiyo sipendi mafuta ya mgando siku za mwanzo. Ni mazito, na mkono haujui kiasi. Marhamu za antibiotiki zenye neomisini pia ziache kama daktari hajakuandikia, maana huleta mzio ambao wengi huudhania maambukizi, wakaongeza marhamu juu yake.

Siku 3 za kwanza ni za kuvimba na kuvuja. Kati ya siku ya 4 na ya 14 ngozi hubanduka kwa vipande vyenye rangi, na huwasha sana. Usikune, usibandue hata kipande kinachoning'inia kwa uzi mmoja. Kitambaa safi chenye ubaridi kikigandamizwa juu husaidia. Baada ya hapo tatuu hufifia na kuwa na ukungu mweupe hadi wiki ya 4 au ya 6; ni ngozi changa ambayo haijakomaa, na rangi hurudi.

Kuoga kwa haraka ni ruhusa. Kulowama kwenye beseni, bwawa, mto au bahari hapana, hadi ngozi ifunge kabisa, yaani wiki 3 au 4. Taarifa ya kitabibu ya mwaka 2017 ilieleza mwanamume mwenye ugonjwa wa ini aliyeogelea Ghuba ya Meksiko siku 5 baada ya kuchorwa, akaambukizwa bakteria wa maji ya bahari aitwaye Vibrio vulnificus, akafariki. Jua lizuie kwa nguo. Krimu ya kukinga jua ianze kidonda kikishafunga, yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 kwenda juu. Mazoezi yanayokunja au kusugua sehemu iliyochorwa yasubiri.

Vitabu husema maambukizi huonekana kwa wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi hivyo: utaona weusi unaoelekea zambarau, au usione kitu. Basi gusa. Joto, uvimbe na maumivu vinatakiwa kupungua baada ya siku ya 3. Vikiongezeka, ukaona usaha, mstari unaotambaa kutoka kwenye tatuu, au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usinitumie picha kwanza. Vinundu na mwasho kwenye rangi moja tu, hasa nyekundu, hata baada ya miezi, ni dalili ya mzio wa rangi hiyo, nao hutibiwa na daktari wa ngozi.

Marekebisho yasubiri angalau wiki 6. Itazame mchana kwenye mwanga wa dirishani, ngozi ikiwa kavu, uweke alama pale palipokosa wino. Mapengo na mistari hafifu hujazwa. Mstari uliotawanyika haurekebishwi kwa kupitiwa tena. Hufichwa kwa kuunenepesha au kwa kivuli, na sehemu iliyoota kovu haiguswi hadi iwe bapa na laini.