Kiayalandi hakijafa, na si Kiingereza cha lafudhi

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: eti Kiayalandi kilishakufa, na magazeti ya Ayalandi yote ni ya Kiingereza. Si kweli. Kiayalandi ni lugha ya Kikelti, yaani ya tawi tofauti na la Kiingereza, na ibara ya 8 ya Katiba ya 1937 inakitaja kuwa lugha rasmi ya kwanza.

Mkanganyiko unaeleweka. Magazeti makubwa ya kila siku, na mengi ya mikoani, huandikwa kwa Kiingereza. Baadhi hutenga safu ya Kiayalandi, na habari zilizoandikwa kwa Kiayalandi pekee zinapatikana zaidi mtandaoni. Tafuta neno “nuacht”, yaani habari, ujionee. Au tazama picha za vibao vya barabarani kule: Kiayalandi juu kwa herufi za mlazo, Kiingereza chini kwa herufi kubwa. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.