Plagi Nyeusi Si Plagi Mbovu

Pikipiki inakata moto ikipanda mlima. Mwenyewe anafungua plagi, anaikuta nyeusi, anakimbilia duka la spea. Mpya inafungwa, injini inaitika, kazi inaendelea. Baada ya siku chache ile mpya nayo ni nyeusi, na sasa lawama ni za mwenye duka: kauza feki. Feki zipo, sikatai. Lakini plagi mbili zikifuatana kuwa nyeusi kwenye hedi moja (kichwa cha injini), anayezichafua ni injini. Ya tatu itachafuka vilevile.

Masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Plagi hutoa cheche kwa sababu umeme hauna pa kupita ila kuruka lile pengo. Kauri, ile sehemu nyeupe inayozunguka ncha ya plagi, ikishavaa masizi, umeme huteremka kupitia masizi hadi kwenye mwili wa plagi, na pengo hubaki na cheche dhaifu au bila cheche kabisa. Ile tabia ya kuilaza plagi juu ya hedi na kupiga kiki haithibitishi mengi: ndani ya silinda kuna mgandamizo, na cheche iliyoruka vizuri nje inaweza kushindwa humo.

Halafu "nyeusi" ipi? Hapa ndipo watu wananichosha, maana zipo tatu na kila moja ina ugonjwa wake.

Nyeusi kavu, inayofutika na kubaki kwenye kidole, ni petroli nyingi kuliko hewa. Anza na chujio la hewa. Vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi ni laini mno na huliziba upesi. Kisha tazama kama choki, ile ya kuzidisha petroli wakati wa kuwasha, inarudi mpaka mwisho, kisha kimo cha petroli kwenye bakuli la kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nyeusi inayong'aa na kunata ni oili. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukaisha, shuku sili za valvu. Ukitoka injini ikivuta mzigo, shuku ringi za pistoni. Hapo hakuna plagi duniani itakayokusaidia. Nyeusi iliyolowa na kunuka petroli imezamishwa tu: ikaushe, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, piga kiki bila choki.

Lakini sababu isiyotajwa kabisa huku kwetu ni mwinuko. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, na Timboroa inazidi 2,700. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10, na kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli karibu ileile. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa vizuri Kisumu, ikihamia Timboroa, itatia plagi masizi bila kitu chochote kuharibika. Dawa ni jeti kuu (tundu linalopitisha petroli kwenye kabureta) ndogo zaidi, au, kama sindano ya kabureta yako ina mitaro, kupandisha klipu mtaro mmoja ili sindano ishuke. Ukirudi bondeni, rudisha. Aliyerekebishiwa kule juu akateremka Kisumu hivyohivyo ana petroli kidogo mno, injini inachemka, kauri inakuwa nyeupe kavu, na hiyo nyeupe inaua pistoni. Naiogopa kuliko nyeusi yoyote.

Rangi nayo isomwe kwa wakati wake. Kauri huanza kuunguza masizi yake yenyewe ikifika nyuzi 450 hivi, na ikipita 800 huweza kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kabla ya cheche. Pikipiki inayonguruma stejini na kwenda safari za dakika tano haifiki 450, kwa hiyo plagi yake itakuwa nyeusi hata kabureta ikiwa sawa. Panda nayo mlima ukiwa na mzigo, shika klachi, zima injini hapohapo bila kuiacha ingurume, iache ipoe, ndipo ufungue.

Hata hivyo sina imani na rangi asilimia mia. Picha nyingi za vitabuni ni za enzi ya petroli yenye madini ya risasi; ya sasa huacha rangi hafifu, na plagi nzima inaweza kuonekana karibu nyeupe. Hata kubadili plagi kwenda ya joto zaidi, yaani inayobaki na joto lake zaidi, mfano kutoka D8EA ya NGK kwenda D7EA, huwa nasita kumshauri mtu. Stejini itakaa safi, ila ukipakia magunia na kupanda mlima wa Sachangwan, joto litaiumiza pistoni. Na kumbuka kwa plagi za kampuni ya NGK namba kubwa ni plagi baridi, kwa za Bosch ni kinyume.

Kusafisha: injini ipoe kabisa, maana hedi ni alumini. Puliza kuzunguka plagi kabla ya kuifungua. Tumia petroli na mswaki wa zamani, toa masizi ya ndani kwa kijiti, kausha kwa upepo. Brashi ya waya usiipitishe kwenye kauri. Huacha michirizi ya chuma, na chuma hupitisha umeme kuliko masizi uliyotoa. Mchanga wa kompresa hujificha chini kati ya kauri na mwili, kisha hudondokea kwenye silinda. Pengo la D8EA ni milimita 0.6 hadi 0.7, pinda elektrodi ya pembeni (ule mkono wa chuma uliopinda) pekee.

Kufunga: zungusha kwa vidole hadi ifike. Ikikataa, irudishe nyuma uanze upya. Wosha mpya, ongeza nusu mzunguko. Wosha iliyokwisha kukazwa, sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko inatosha. Kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, thredi ya milimita 12 ni Nm (niutoni mita) 15 hadi 20, ya milimita 10 ni Nm 10 hadi 12. Kuikaza kwa nguvu zote "isitoke" ndiko kunakoua thredi za hedi. Ikilegea nayo huchemka, maana joto lake hutoka kupitia wosha na thredi. Grisi usipake, thredi ikiteleza, nguvu ileile hukaza kupita kiasi.

Plagi iliyogoma kufunguka usiilazimishe. Mwagia dawa ya kutu, iache usiku kucha, kisha irudishe robo mzunguko, ikaze kidogo, irudishe tena. Thredi zikitoka nayo, hedi iende kutiwa bushi ya thredi, na pistoni ifutwe vipande vyote vya alumini kabla ya kufunga.