Tangazo halizibi paa

Katika kazi yangu ya kuhifadhi majengo, kila ninapokwenda huulizwa hivi: kwa nini serikali isitangaze tu kwamba nyumba fulani ni ya kihistoria, marufuku kubomolewa, mambo yakaisha? Jibu nililipata Jinja, mji wa hapa Uganda, kwenye duka la zamani lenye mwaka wa kujengwa ulioandikwa juu ya ukuta wa mbele. Mama mwenye nyumba alinipa chai, akanisikiliza nikisifia nguzo za baraza na nakshi za madirisha, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hilo tangazo litaninunulia mabati?"

Haliwezi. Na nyumba ya tofali huanza kufia paani.

Nyumba nyingi za aina hiyo zilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya uhuru. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza, nyumba zikaingia mikononi mwa wengine, na nyingi zilirudishwa kwa wenyewe katika miaka ya 1990. Katikati hapo, mpangaji asiyejua kama mwakani bado atakuwemo hakuwa na sababu ya kugharamia paa. Mfereji wa paa ukaoza kwa kutu, maji yakateremka ukutani. Kuta za zamani, hasa zilizojengwa kwa chokaa, hunyonya maji kisha huyatoa polepole. Fundi anayeitwa kuziba nyufa huja na saruji, kwa kuwa ndiyo inayouzwa kila kona. Saruji huufungia unyevu ndani, tofali laini linamomonyoka nyuma yake, na lipu huanguka vipande vipande. Misimu michache ya mvua ikipita, mhandisi anaandika kwamba jengo ni hatari kwa wapita njia, na kweli limeshakuwa hatari. Kibali cha kubomoa kinafuata, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Sheria tunazo. Katiba ya 1995 inaitaka serikali na wananchi walinde urithi wa nchi, na sheria ya kumbukumbu za kihistoria ya 1967 imepisha ile ya makumbusho na kumbukumbu ya 2023. Lakini Katiba hiyohiyo, ibara ya 26, inamlinda mwenye mali: hanyang'anywi bila fidia ya haki. Naona ni sawa kabisa. Anayetaka jengo la mtu lidumu kwa faida ya wote ajiandae kuchangia.

Kwa mali ya umma, kelele zinaweza kutosha. Mwaka 2011 serikali ilipotaka kuliondoa jengo la Makumbusho ya Uganda pale Kitante jijini Kampala, kazi ya msanifu Ernst May ya mwaka 1954, ili isimame ghorofa ya orofa 60, wanaharakati walikwenda mahakamani. Makumbusho yapo hadi leo. Makaburi ya Kasubi nayo, walikozikwa Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, yalipoungua Machi 2010, yalipata msaada kutoka serikalini, kwa watu wa Buganda na hata Japani. Waezekaji wa ukoo wa Ngeye walirudi kazini, zikafungwa upya pete 52 za dari, moja kwa kila ukoo, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka 13! Ninawaheshimu sana waliovumilia. Ila Kasubi ina Kabaka na ina UNESCO. Duka la Jinja lina mwenyewe tu.

Mimi ningeanza na punguzo la kodi ya majengo kwa anayekarabati, na ruzuku ndogo ya paa na mifereji peke yake, ilipwe kwa awamu baada ya ukaguzi. Pia mwenye nyumba aruhusiwe kujenga upya uani, mradi sehemu ya mbele na baraza vibaki. Wenzangu wengine hawataki kusikia hilo la uani. Lakini kinachotafutwa na wanunuzi ni ardhi, na asiyeweza kupata chochote kutokana na ardhi yake ataiuza.

Nyumba ya yule mama inahitaji mabati, kenchi za upande mmoja na mifereji miwili. Mtu anayekitaka kiwanja alikuwa ameshamtembelea mara mbili kabla yangu.